Sokwe wa Gombe na sokwe wa Game Boy: kwa nini mmoja anaruka sana na mwingine anapanda

Kama umewahi kushika Game Boy, ile mashine ya kijivu ya kuchezea gemu inayokula betri nne, au umeona vijana wakicheza gemu zake za zamani kwenye simu, huenda umekutana na Donkey Kong Land. Ilitoka mwaka 1995 kwenye kaseti ya rangi ya njano. Iliundwa na kampuni ya Rare ya Uingereza, ikauzwa na Nintendo ya Japani. Shujaa wake ni sokwe mkubwa aliyevaa tai, na mwenzake ni mdogo mwenye kofia, jina lake Diddy. Kazi yao ni kukimbia, kuruka mashimo, kukanyaga maadui na kuokota ndizi.

Kwa mtu wa Kigoma gemu hii inaleta swali ambalo mtu wa London au Tokyo halimjii haraka. Sisi sokwe ni jirani zetu. Ukipanda boti pale Kibirizi ukafuata ufukwe kuelekea kaskazini, kilomita 16 hivi kutoka mjini unafika Gombe, ambako sokwe mtu wamekuwa wakitazamwa na watafiti tangu Julai 1960, Jane Goodall alipofika. Ukishuka kusini kwenye ziwa lilelile unakuta Mahale, ambako Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi mwaka 1965. Yaani hakuna mahali duniani ambapo mwendo wa sokwe umeandikwa kwa muda mrefu kuliko ufukwe huu.

Sasa hebu tuulize: je, sokwe wa kwenye skrini anatembea kama wa Gombe? Jibu fupi ni hapana, na sababu zake zinafundisha mambo mawili kwa mpigo. Upande mmoja tunajifunza kompyuta ndogo inavyofanya kazi. Upande wa pili tunamjua mnyama ambaye watu wengi, hata wa huku kwetu, wanamjua kwa picha kuliko kwa macho.

Kwanza, tuweke majina sawa

Kiswahili kimetusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Nyani ni yule anayezurura ufukweni Gombe na kuiba vitu vya wageni. Tumbili, kima na mbega ni wengine tena. Wote hao wana mkia. Sokwe hana mkia, awe sokwe mtu wa Gombe au gorila wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, kwenye misitu ya Kahuzi-Biega. Livingstone, yule ambaye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, aliandika kwenye shajara zake habari za mnyama wa Manyema, magharibi ya ziwa, akamwita "soko". Ni neno ambalo bado tunalisikia ndani ya "sokwe".

Donkey Kong mwenyewe hana mkia, kwa hiyo hapo wachoraji walipatia. Lakini mtazame Diddy. Mara nyingi anatajwa kuwa sokwe mtu, ila ana mkia mrefu kabisa! Kwa mwanabiolojia huo mkia ni kosa. Kwa mchoraji wa gemu una faida: unamfanya mtoto amtambue Diddy haraka hata akiwa mdogo kama ukucha wa kidole kwenye skrini ya kijani isiyo na taa.

Mashine ilikuwa na uwezo gani?

Game Boy ilianza kuuzwa Japani mwaka 1989. Skrini yake ina nukta 160 kwa upana na 144 kwa urefu, na kila nukta inaweza kuwa na moja tu ya rangi nne, kuanzia kijani hafifu hadi kijani cheusi. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 8. Kaseti nzima ya Donkey Kong Land, pamoja na muziki, ramani, maadui na mashujaa wote, ina kilobaiti 512. Picha moja uliyopiga kwa simu yako leo jioni inaweza kuzidi hapo mara kadhaa.

Mashine kama hii haiwezi kuhifadhi picha nzima ya skrini ikaichora nukta kwa nukta. Inafanya kama fundi wa vigae. Kila kigae kina nukta 8 kwa 8. Kwa kuwa rangi ni nne, kila nukta inahitaji biti 2, kwa hiyo kigae kimoja kinakula biti 128, yaani baiti 16. Skrini nzima inahitaji vigae 20 kwa upana na 18 kwenda chini, jumla 360. Kumbukumbu ya picha ina nafasi ya vigae 384 tu kwa wakati mmoja. Hapo lazima urudierudie: kigae kilekile cha jani kinatumika mara kumi, kile cha mwamba mara ishirini.

Wahusika wanaotembea wanaundwa na vipande vyao vinavyoweza kusogea juu ya vigae vya nyuma. Mashine inaruhusu vipande 40 kwa skrini nzima, na si zaidi ya 10 kwenye mstari mmoja wa nukta. Tufanye hesabu. Tuseme sokwe wetu ana upana wa nukta 32. Kila kipande kina upana wa nukta 8, kwa hiyo anakula vipande 4 kwenye kila mstari anaopita. Ukimweka Diddy wa upana huohuo nyuma yake, tayari umetumia 8. Zimebaki nafasi 2 kwa adui, pipa na ndizi. Akitokea adui wa pili, baadhi ya vipande havichorwi, na mchezaji anaona mtu wake anakatikakatika.

Ndiyo maana kwenye gemu ya mwaka 1994 iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine kubwa ya nyumbani, Donkey Kong Country, sokwe wawili wanakimbia pamoja, lakini kwenye Game Boy unamwona mmoja tu. Mwenzake yupo, ila haonekani. Anatokea pale wa kwanza anapopigwa.

Huko Gombe mambo ni kinyume. Mtoto wa sokwe haachani na mama yake kwa miaka mingi, kwanza akining'inia tumboni, baadaye akipanda mgongoni, kisha akimfuata kwa miguu. Mwenza asiyeonekana ni jambo la mashine. Halina uhusiano wowote na mnyama.

Kuruka ni hesabu ya kujumlisha

Gemu za aina hii zinasimama au kuanguka kwa kitu kimoja: kuruka. Mashine inakokotoaje mruko? Skrini inabadilika karibu mara 60 kwa sekunde. Kila inapobadilika, programu inafanya mambo mawili: inajumlisha kasi kwenye mahali alipo mhusika, halafu inapunguza kasi hiyo kidogo, kama uvutano wa dunia unavyofanya. Basi. Hakuna fomula ngumu inayohitajika.

Chukua mfano. Namba hizi nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi, sikuzitoa ndani ya kaseti. Sokwe anaanza kuruka kwa kasi ya nukta 4 kwa kila badiliko, na kila badiliko linampunguzia robo nukta. Baada ya mabadiliko 16 kasi yake ni sifuri, yuko juu kabisa, nukta 32 hivi kutoka chini. Kisha anashuka kwa mabadiliko mengine 16. Safari nzima imechukua mabadiliko 32, zaidi kidogo ya nusu sekunde.

Sasa mbadilishe awe mnyama wa kweli. Tuseme nukta 32 ndiyo kimo chake, na kimo hicho ni mita 1.5. Ameruka mita 1.5 juu na kurudi chini kwa sekunde 0.54. Ukiingiza kwenye fomula ya Fizikia ya sekondari, uvutano wa dunia yake unatoka karibu mita 42 kwa sekunde mraba. Wa kwetu ni 9.8. Kwa hiyo uvutano wa dunia ya gemu ni zaidi ya mara nne ya huu unaovuta maembe ya Ujiji yakadondoka chini!

Kwa nini wafanye hivyo? Kwa sababu ya kidole gumba. Ukiweka uvutano wa kweli halafu umruhusu mhusika aruke mita 1.5, atakaa hewani zaidi ya sekunde moja. Mchezaji atamwona kama puto. Ataboreka, na atashindwa kupanga mruko unaofuata. Kwa hiyo waundaji wa gemu wanaongeza nguvu ya miguu na wanaongeza uvutano, vyote viwili, mpaka kitufe na jicho vikubaliane.

Walikwenda kumtazama, wakarudi na farasi

Usidhani waundaji hawakujaribu kumfuata mnyama halisi. Rare ilikuwa Twycross, Uingereza, karibu na bustani ya wanyama yenye gorila. Walipokuwa wanatengeneza Donkey Kong Country, walikwenda kuwatazama na kuwarekodi kwa video. Walichokipata hakikuwafaa. Gorila hakimbizani na mapipa. Anakaa, anatafuna, anasogea taratibu. Mwishowe mwendo wa kasi wa Donkey Kong ukajengwa kwa kuiga farasi anavyokimbia. Gemu ya Game Boy ikafuata umbo na mwendo huohuo, ukiwa umepunguzwa rangi.

Sokwe wa kweli anatembeaje basi? Chini, anatumia miguu na mikono, ila hakanyagi kwa viganja. Anakunja vidole vya mikono na kuegemea migongo ya vidole hivyo. Mikono yake ni mirefu kuliko miguu, kwa hiyo mabega yako juu kuliko kiuno. Vidole virefu vilivyojikunja ni vyombo vya kupandia. Huko kuegemea vidole ni namna ya kutembea chini bila kuviumiza.

Juu ya mti ndipo ufundi wake unapoonekana. Anakumbatia shina na kupanda, ananing'inia kwa mkono, anapita tawi hadi tawi, na mara nyingine anasimama kwa miguu miwili juu ya tawi huku mikono imeshika tawi la juu. Mwaka 2022 watafiti wanaofanya kazi bonde la Issa, huku huku magharibi mwa Tanzania, walichapisha matokeo ya kuwafuata sokwe 13 wazima kwa miezi 15. Issa si msitu mnene kama Gombe. Ni miombo na nyasi. Wengi wangetegemea kwamba mahali pa wazi sokwe atasimama kwa miguu miwili akiwa chini. Lakini zaidi ya asilimia 85 ya mara walizosimama hivyo, walikuwa juu ya miti. Matokeo hayo yanagusa swali la babu zetu wenyewe: huenda kusimama wima hakukuanza kwa sababu tuliiacha miti.

Na kuruka je? Sokwe anaweza kuruka, lakini si kwa kuchezacheza. Dume la Gombe lina uzito wa kilo 40 hivi. Tumbili mwepesi akikosa tawi ana nafasi nzuri ya kupona. Mwenye kilo 40 hana nafasi hiyo. Mwaka 1968 dume mmoja wa Gombe aliyepewa jina la Rix alianguka kutoka mtini, akavunjika shingo, akafa. Wenzake walikaa karibu na mwili wake kwa saa kadhaa, wakipiga kelele na kumtazama. Tukio hilo limeandikwa na watafiti waliokuwepo.

Ndizi mia moja, uhai mmoja

Hapa ndipo tofauti inapoacha kuwa ya kuchekesha. Kwenye Donkey Kong Land ukikusanya ndizi 100 unaongezewa uhai mmoja. Ukianguka shimoni unarudi. Uhai ni kama vocha, ukiisha unatafuta mwingine.

Gombe, sokwe jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 13 au 14 hivi. Baada ya hapo anapata mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano au sita, kama mtoto aliyetangulia ameishi. Akijaliwa kufika miaka 40, amezaa mara tano au sita hivi maisha yake yote, na si wote wanaokua. Mtoto akimpoteza mama mapema hatari ni kubwa. Flint wa Gombe alikuwa na miaka minane na nusu, tayari anajua kula mwenyewe, mama yake Flo alipokufa mwaka 1972. Alidhoofika, akafa wiki chache baadaye.

Sokwe wote wa hifadhi ya Gombe, yenye eneo la kilomita za mraba 50 hivi, ni takriban 90 hadi 100. Piga hesabu mwenyewe ukiwa na vipindi vya kuzaa vya miaka mitano. Ugonjwa mmoja ukiondoa majike wazima watano, jamii inahitaji miaka kumi na kitu mpaka mabinti waliopo wakue na kushika nafasi zao. Na magonjwa yamewahi kupita. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaua baadhi na kuwaacha wengine walemavu. Mafua na homa za mapafu zimewapiga zaidi ya mara moja. Sababu ni udugu: asilimia karibu 99 ya maandishi ya vinasaba vyetu yanafanana, kwa hiyo mafua yako anaweza kuyapata. Ndiyo maana ukienda Gombe unaambiwa usisogee karibu nao, na ukiwa na kikohozi usipande kabisa. Mwongozaji hakuringii. Analinda jamii isiyo na uhai wa akiba.

Ndizi nazo zina kisa chake. Miaka ya 1960 watafiti wa Gombe waliwawekea sokwe ndizi ili waje karibu na waonekane vizuri. Walikuja kweli, lakini wakakusanyika wengi mahali pamoja na ugomvi ukaongezeka, wao kwa wao na kati yao na nyani. Ugawaji ulipunguzwa, na baadaye ukaachwa kabisa. Porini sokwe wa Gombe anaishi kwa matunda ya msituni, majani, mchwa, mara nyingine nyama ya mbega mwekundu, na hata chikichi, zilezile zinazotupa mawese. Ndizi ni chakula cha gemu na cha shambani.

Halafu kuna ardhi. Gombe imezungukwa na vijiji, mashamba ya mihogo na michikichi. Sokwe hawezi kuruka kutoka Gombe hadi msitu mwingine kama anavyoruka shimo kwenye skrini. Anahitaji miti iliyoungana. Tangu mwaka 1994 mradi wa TACARE umekuwa ukifanya kazi na vijiji vya Kigoma katika mambo ya miti, maji, afya na kipato, na vijiji vimetenga misitu yao ya hifadhi. Mti unaouacha ukue kijijini ndio jukwaa la sokwe huyu. Hana lingine.

Gemu ambayo bado haijatengenezwa

Mimi siilaumu Donkey Kong Land kwa kutomfuata sokwe. Waliomuunda walikuwa na kilobaiti 512, rangi nne na kidole gumba cha mtoto asiye na subira, na ndani ya mipaka hiyo walifanya kazi nzuri. Ila sisi tunaoishi ufukwe huu tunajua vitu ambavyo wao hawakuviona Twycross, na kati yake kuna vinavyofaa gemu kuliko ndizi.

Chukua uvuvi wa mchwa. Mwishoni mwa 1960 Goodall alimwona dume aitwaye David Greybeard akiingiza jani la nyasi ndani ya kichuguu, akilitoa na kula mchwa waliong'ang'ania. Baadaye ikaonekana sokwe wanachuma vijiti na kuvipukuchua majani kwanza, yaani wanatengeneza kifaa. Kabla ya hapo ilisemwa binadamu peke yake ndiye anayetengeneza vifaa. Kazi yenyewe ni ngumu: uchague kijiti chenye urefu sahihi, ukiingize bila kukikunja, usubiri, ukitoe kwa kasi inayofaa. Utafiti wa Elizabeth Lonsdorf huko Gombe, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba watoto wa kike wanajifunza miaka miwili hivi mapema kuliko wa kiume, kwa sababu wanakaa na kumtazama mama, wakati kaka zao wanacheza kando ya kichuguu.

Ona sasa, hizo tayari ni kanuni za gemu. Kuna kifaa cha kuchagua, muda wa kusubiri, msimu wa mvua mchwa wanapokuwa karibu na juu, mwalimu wa kumtazama, na uhai mmoja tu. Hazihitaji mashine kubwa. Ipo programu ya bure, GB Studio, inayokuwezesha kutengeneza gemu ya Game Boy kwenye kompyuta ya kawaida hata kama hujui kuandika programu. Ila vigae vyako ni vilevile 8 kwa 8, na nafasi za mstari ni zilezile kumi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kigoma, au wa popote, mwenye kompyuta na hamu, anza na kichuguu. Mchore mama upana wa nukta 24: vipande vitatu. Mtoto mpe nukta 16: viwili. Kijiti kimoja. Jumla sita, na nafasi nne zimebaki kwa mchwa. Safari hii mama na mtoto wanaenea kwenye skrini moja. Na mtoto, tafadhali, usimwekee mkia.